Kuhalalisha dawa za kulevya: mjukuu ana hoja, na babu hakuinuka bure

SWALI: Mtaalamu, mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Chamwino. Mjukuu wangu anasoma chuo hapa Dodoma. Pasaka alikuja nyumbani, tukiwa mezani akasema serikali inapoteza muda kupiga vita dawa za kulevya. Ingezihalalisha, ziuzwe kwa leseni na kutozwa kodi kama pombe. Babu yake aliacha ugali akaenda kukaa nje. Mimi sikuwa na jibu. Mdogo wangu wa kiume tulimzika kwa sababu ya gongo, na mtoto wa jirani yangu yuko kwenye methadoni, dawa ya kumtoa kwenye unga, pale kliniki ya Itega, huu mwezi wa nne, na naona amerudi kuwa mtu. Je, maneno ya mjukuu yana kichwa na miguu? Na huyu wa jirani amepata msiba Kondoa, anataka kwenda siku tatu. Akikosa dawa itakuwaje?

JIBU: Shikamoo Mwalimu. Pole kwa mdogo wako. Msiba wa gongo hauishi upesi, kwa sababu hujui hata nani wa kumuuliza.

Mjukuu ana hoja, tena nzito kuliko alivyoieleza pale mezani. Ila alianza na neno baya, ndiyo maana mzee akatoka nje na ugali haujapoa. Nianzie kwenye neno hilo.

Kabla ya kufika mahakamani, "halali" kwa Kiswahili chetu ni neno la ibada na la nyumbani: riziki ya halali, mke wa halali, jasho la halali. Kinyume chake ni haramu, na haramu haikatiwi leseni. Kijana akisema "tuhalalishe bangi", kichwani mwake kuna kaunta, risiti na mkaguzi. Babu anasikia "tuibariki bangi". Wanaweza kubishana mpaka alfajiri, kila mmoja akijibu jambo ambalo mwenzake hakulisema.

Mpe babu mfano wa kitimoto. Kwa Mwislamu wa Kondoa nguruwe ni haramu, na hakuna karatasi ya halmashauri itakayombadilishia hilo. Hata hivyo nguruwe akichinjwa machinjioni, mkaguzi wa nyama anachana misuli, anatazama kama kuna malengelenge ya tegu, akiridhika anagonga muhuri. Muhuri ule haumshawishi mtu ale. Unasema tu kwamba nyama hii imetazamwa na mtu anayejulikana kwa jina, na ikileta balaa tunajua pa kuanzia. Pale ambapo hakuna muhuri, watu hawaachi kula nguruwe. Wanakula asiyekaguliwa, tegu anaingia kwenye familia, mayai yake yakimezwa viluwiluwi vinapanda mpaka kwenye ubongo, na mtoto anaanguka kifafa ambacho majirani wanakiita cha kurogwa. Hicho ndicho mjukuu alikuwa anakitafuta bila kukipata: muhuri wa mkaguzi, ambao hauna uhusiano wowote na baraka.

Halafu amechanganya mambo mawili, na si yeye peke yake. Liko la kuacha kumfunga mtumiaji, wakati kuuza kunabaki kosa. Ureno walifanya hivyo tangu Julai 2001: ukikutwa na kiasi kisichozidi matumizi yako ya siku 10, hupelekwi kwa hakimu wa jinai. Unapelekwa mbele ya jopo dogo lenye watu kama mwanasheria na mtaalamu wa ustawi wa jamii, wanaotazama kama una ugonjwa unaohitaji tiba. Jambo la pili ni kuruhusu biashara yenyewe kwa masharti. Uruguay walipitisha sheria mwishoni mwa 2013, na bangi ikaanza kuuzwa kwenye maduka ya dawa Julai 2017, kwa raia na wakazi waliojiandikisha, wenye umri wa miaka 18 na kuendelea, isiyozidi gramu 40 kwa mwezi. Kanada walifuata Oktoba 2018, Ujerumani wakalegeza Aprili 2024 kwa namna yao, bila maduka. Mtu anaweza kukubali la kwanza na kulikataa la pili. Wengi wanaofanya kazi na mateja wanasimama hapo hapo.

Sasa nikueleze kwa nini mimi, mfamasia niliyezeeka nikihesabu vidonge, naona hoja ya kudhibiti ina nguvu. Haikutoka kwenye kitabu.

Nilipoanza kazi, kwenye hospitali moja ambayo sitaitaja, nilikabidhiwa funguo za kabati la DDA, yaani la dawa za hatari. Wauguzi wote wanalijua: kabati dogo la chuma ndani ya kabati lingine, kufuli mbili, ndani yake dawa kali za maumivu: mofini, pethidini na ndugu zao. Kando kuna daftari. Ukitoa ampuli moja unaandika jina la mgonjwa, dozi, saa, aliyetoa na aliyeshuhudia. Nusu ikibaki inamwagwa mbele ya shahidi, na kumwagwa kwenyewe kunaandikwa. Ampuli tupu inarudi ihesabiwe. Usiku mmoja wakati wa kukabidhiana zamu, pethidini ilipungua moja. Hakuna aliyeruhusiwa kwenda nyumbani. Tulipekua ndoo za taka, tukafungua mafaili ya wodi nzima, mpaka asubuhi ikaonekana: ilikuwa imeandikwa kwenye faili la mgonjwa wa upasuaji, daftarini haikuandikwa. Muuguzi aliyesahau alikaa kwenye ngazi akalia.

Tukiwa bado tunapekua, bodaboda alileta kijana amelazwa katikati, rafiki yake amemkumbatia kwa nyuma asidondoke. Midomo imekuwa ya kijivu, mboni za macho kama tundu la sindano. Anavuta pumzi moja, kimya, unaanza kuhesabu, ndipo inakuja nyingine. Daktari akauliza, ametumia nini? Unga. Unga gani? Unga tu, dokta. Kiasi gani? Kete mbili, ila za leo si za yule wa kila siku. Alichomwa naloksoni, dawa ya kuzima nguvu ya unga, akashtuka, akakaa, akatutukana. Baada ya muda akaanza kuzama tena, kwa kuwa naloksoni huisha mwilini upesi na kilichokuwa ndani yake kilikuwa bado kinafanya kazi. Akachomwa tena. Alipona.

Huo unga ndio heroini, na heroini ikiingia mwilini hugeuka kuwa mofini. Kwa hiyo kwenye jengo lile, usiku ule, kulikuwa na dawa mbili za ukoo mmoja. Ya kwanza tulikesha tukiitafuta ampuli yake moja. Ya pili hakuna aliyejua imetoka wapi, ina nguvu kiasi gani, wala imechanganywa na nini. Aliyeiuza hakuwa na daftari. Tunaita hali hiyo "udhibiti", kwa kuwa iko kwenye sheria ya udhibiti, lakini ukweli ni kwamba serikali inaishika barabara ile pethidini na huu unga imewaachia wahuni.

Mjukuu angesema hivyo, babu angebaki mezani walau mpaka mboga iishe.

Kuna kanuni ya biashara ya magendo ambayo haifundishwi darasani ila kila mchuuzi anaijua: kitu cha kuficha kiwe kidogo na chenye nguvu. Marekani walipiga marufuku pombe kuanzia 1920 hadi 1933, na waliopata tabu zaidi walikuwa wauza bia, kwa sababu pipa la bia ni kubwa na faida yake ndogo. Pombe kali ndiyo iliyosafiri. Hapa kwetu bangi ya msokoto wa kawaida sasa ina mshindani, skanka, ambayo fuko dogo tu hufanya kazi ya gunia. Ukikaza kamba bila kuacha mlango wowote, unakuwa umechagua kwa niaba ya vijana wako, na umewachagulia kilicho kikali zaidi.

Mdogo wako, Mwalimu, alikuwa upande huu huu wa hesabu. Gongo ina sheria yake tangu 1966, ambayo kwenye vitabu inaiita moshi, na hakuna kijiji cha mkoa huu ambacho huwezi kuelekezwa kwa mpikaji. Pombe za nyumbani zinazochachushwa, kama ujimbi wa Wagogo, zinakulewesha na kukuumiza ini ukizizoea, lakini mara chache zinakuua kwa jioni moja. Gongo inaweza, na mara nyingi si kwa sababu ya kupikwa vibaya. Ni kwa sababu mtu ameongeza methanoli, spiriti ya viwandani, ili apate lita nyingi kwa pesa kidogo. Methanoli yenyewe inalewesha kama pombe nyingine. Shida ni kwamba ini huibadilisha kuwa asidi inayoshambulia mshipa wa jicho. Mtu analala akiwa amelewa, anaamka anasema mbona taa zimezimwa, na ni saa sita mchana. Nairobi, Novemba 2000, pombe ya namna hiyo iliua watu zaidi ya 100. Wote walikunywa kitu ambacho tayari kilikuwa kimepigwa marufuku.

Na mita chache kutoka kwa mpikaji wa gongo unakuta chupa ya mvinyo wa zabibu za Hombolo, imeandikwa asilimia ya kilevi, tarehe, mahali ilipotengenezwa. Ni kilevi kile kile. Yupo mlevi wa mvinyo, na ini lake litakufa. Lakini hataamka kipofu.

Tena tuna mfano wetu wenyewe wa udhibiti uliogusa kitu kidogo ukaleta tofauti: viroba. Pombe kali ilikuwa kwenye vipakiti vya plastiki, bei ya andazi, inaingia mfuko wa shati la shule. Tarehe 1 Machi 2017 vikapigwa marufuku. Tazama kilichopigwa marufuku: kifungashio. Pombe kali yenyewe inauzwa mpaka leo. Serikali ilisema tu kwamba ukitaka kuiuza, uiuze kwenye chupa ambayo mtoto hawezi kuificha kwenye soksi wala kuinunua kwa hela ya kalamu. Walevi hawakwisha. Lakini mwalimu aliyekuwa anakusanya vipakiti nyuma ya choo cha shule anajua nini kilibadilika. Uwezo huo wa kusema ukubwa gani, nguvu gani, bei gani, kwa nani, saa ngapi, serikali inaupata tu kwa kitu kilicho mikononi mwake. Kwenye unga wa kijiweni haiwezi kusema lolote isipokuwa "acha".

Sheria tuliyonayo ni ya mwaka 2015, Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, iliyokazwa tena 2017. Bangi na mirungi zimo humo pamoja na heroini na kokeini, na kifungo cha miaka 30 kwa kusafirisha bangi au mirungi si habari ngeni kwenye mahakama zetu. Nasema tu hivi: anayekamatwa kwa kawaida ni dereva, utingo, mkulima mwenye magunia mawili, bodaboda aliyepewa mzigo. Mwenye mtaji hapandi basi na gunia. Na mama mwenye kijana anayetumia, akijua sheria ilivyo, anamficha chumbani. Kwa hiyo anafika kwetu baada ya miaka sita, tayari ana homa ya ini au virusi vya Ukimwi kwa kuchangia sindano, wakati angeweza kufika mwaka wa kwanza.

Mirungi ndiyo inayonichekesha, kama ni ya kucheka. Namanga, hatua chache upande wa Kenya, ni zao. Tangu 2016 miraa imetambuliwa kwenye sheria yao ya mazao na wakulima wa Meru wanasomesha watoto. Ukivuka upande wetu na kifungu kile kile kwenye jani la mgomba, ni mshitakiwa. Mmea wenyewe haumo kwenye mikataba ya kimataifa ya dawa za kulevya. Kilichomo ni kathinoni, kemikali iliyo ndani ya jani bichi, ambayo hupungua jani likinyauka. Ndiyo sababu magari ya mirungi yanakimbia vile, na ndiyo sababu yanaua watu barabarani kuliko majani yenyewe yanavyoua. Sisemi mirungi haina madhara. Inakosesha usingizi, inakata hamu ya kula, inamaliza hela ya ugali wa watoto. Nasema miaka 30 ni mingi kwa madhara hayo.

Sasa nihame upande, maana babu naye ana hoja, na sitaki mjukuu arudi likizo ijayo akidhani ameshinda.

Bangi si mchezo. Yeyote aliyewahi kuingia wodi za Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, anawajua vijana wa miaka 17, 19, wanaosikia redio isiyokuwepo. Bangi haimfanyi kila mvutaji kuwa hivyo, wengi huvuta wakaacha. Lakini anayeanza mapema, anayevuta kila siku, na anayevuta kali, hatari yake ya kuchanganyikiwa inapanda, na kama kwenye ukoo kuna ugonjwa wa akili inapanda zaidi. Mtetezi wa leseni atakujibu kwamba hiyo ndiyo sababu ya kuweka umri na kikomo cha nguvu. Jibu zuri. Swali langu kwake ni hili: nani atausimamia huo umri?

Hapo ndipo mimi hukwama, nikiri. Tuna sheria ya tumbaku tangu 2003. Nenda genge lolote, Nkuhungu au Chang'ombe, umtume mtoto wa darasa la tatu sigara moja na kiberiti. Atarudi na chenji kamili. Muuzaji si mtu mbaya, anamjua aliyemtuma. Lakini kama umri wa miaka 18 ni maandishi tu kwenye pakiti, basi leseni ya bangi kwa mtindo huo huo ingekuwa leseni ya kumuuzia mtoto wa darasa la tatu.

Na kuna kubeti. Hiyo nayo iliruhusiwa kwa leseni, ina bodi yake, inalipa kodi. Tazama kilichotokea. Tangazo liko kwenye jezi, kwenye redio, kwenye simu ya kijana saa tano usiku. Udhibiti ulipofika, biashara ilikuwa imeshashika usukani. Tumbaku ilifanya hivyo kabla yake na mpaka sasa inaua mamilioni ya watu duniani kila mwaka, zaidi ya dawa zote haramu kwa pamoja, ikiwa na leseni mkononi. Mtu anayesema "halali" bila kusema "bila tangazo, bila ofa, bila pipi yenye ladha ya embe" anamkaribisha fisi aje kulinda bucha. Heroini yenyewe iliwahi kuwa dukani: mwaka 1898 kampuni ya Bayer ya Ujerumani iliitoa kama dawa ya kikohozi, na Heroin ni jina la biashara walilolibuni wao. Soko huria walilijaribu. Ndilo lililozaa marufuku.

Thailand waliitoa bangi kwenye orodha ya dawa zilizokatazwa Juni 2022 kabla ya kuwa na sheria ya kuisimamia. Maduka yakaota kama uyoga, na Juni 2025 ikarudishwa nyuma, ikawa ya cheti cha daktari. Jimbo la Oregon kule Marekani liliondoa jinai kwa kumiliki kiasi kidogo cha dawa zote mwaka 2021, bila kuwa na vituo vya tiba vya kutosha kuwapokea watu. Mitaa ikajaa wavutaji wa hadharani, wananchi wakachoka, na Septemba 2024 jinai ikarudi. Ureno ilidumu kwa sababu walipoondoa pingu walikuwa tayari na kitanda, dawa na mtu wa ustawi wa jamii. Watetezi wengi wanaitaja Ureno, wachache wanataja kitanda.

Kwa hiyo mimi nasimama wapi? Nasimama kama mfamasia: si kila dawa inakaa rafu moja. Panado iko mbele, antibiotiki ni ya cheti, mofini iko kwenye kufuli mbili, na hakuna anayesema nimevunja haki ya Panado nikiifungia mofini. Kosa la sheria yetu ni kuweka mirungi na heroini kwenye sanduku moja. Kosa la mjukuu ni kutaka kuzitoa zote kwenye sanduku moja zikae kwenye kaunta moja.

Mirungi ningeitoa kwanza, ipewe kibali cha kilimo na soko, umri, na marufuku kwa madereva wakiwa kazini. Hakuna mkataba unaotuzuia. Bangi ningeanza kwa kuacha kumpeleka gerezani mwenye msokoto wake mmoja; mambo ya kuuza ningesubiri mpaka tuone kama tunaweza kumzuia mtoto wa darasa la tatu asinunue sigara. Hilo ndilo jaribio langu, na halihitaji mtaalamu kutoka nje. Tukiliweza, ningependa njia ya Uruguay kuliko ya Kanada: dirisha moja, pakiti isiyo na rangi wala jina la kuvutia, nguvu imeandikwa, hakuna tangazo. Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilisema mwaka 2018 kwamba mtu mzima akitumia bangi faraghani kwake si jinai, na nchi haikuanguka. Lakini hata wao duka bado.

Heroini sitaki kuiona dukani mpaka nife. Ila dukani na kijiweni si mahali pekee. Uswisi tangu 1994 wanawapa wagonjwa sugu, walioshindwa tiba nyingine zote, heroini safi kliniki mbele ya muuguzi. Na hapa ndipo ningemwambia babu kitu ambacho nadhani hajakigundua: sisi nasi tayari tuko njia hiyo. Methadoni ni ya ukoo ule ule wa afyuni. Ilianza kutolewa Muhimbili mwaka 2011, na leo mtoto wa jirani yako anapanga foleni Itega asubuhi, anatajwa jina, anapewa kikombe chenye miligramu zake, anakunywa mbele ya mtoa dawa, kisha anasemeshwa, "Habari ya nyumbani?", ili ijulikane ameimeza hakuificha shavuni. Inaandikwa. Ni dawa ya kulevya, bure, kwa ruhusa ya serikali, chini ya udhibiti mkali kuliko bia. Na wewe mwenyewe umeandika kwamba amerudi kuwa mtu.

Sababu ya kurudi si miujiza. Unga hukaa mwilini saa chache tu, kwa hiyo teja anaamka na arosto, yaani maumivu ya kukosa dawa, anaitibu mchana, inarudi jioni. Siku nzima ni kutafuta hela ya kete, na hela ya kete ndiyo inayoiba sufuria za jirani. Methadoni hukaa zaidi ya siku nzima. Akinywa asubuhi, mchana wote anabaki nao, na mtu mwenye mchana anaweza kubeba tofali.

Sheria ni hii iliyopo mpaka Bunge liibadilishe, na Bunge liko hapa hapa mjini kwetu. Mjukuu akitaka kuisogeza hoja yake, asianze na kodi. Kila mtu akisikia kodi anajua kuna mtu anatafuta hela. Aanze na daftari: nani anaandika nini kimetolewa, kwa nani, kiasi gani.

Sasa safari ya Kondoa. Kijana asiondoke kimya. Aende Itega kabla ya siku ya safari, na si asubuhi ya basi, aseme ana msiba, wapi na siku ngapi. Wao wataamua kama kuna utaratibu wa kumhudumia akiwa huko au kama itabidi azike na kugeuza. Siku moja akikosa ataumwa mwili, atatoka machozi na kamasi, hatakufa kwa kukosa. Akikosa siku tatu mfululizo, akirudi asidai kikombe chake cha zamani, na wakimpunguzia asigombe nao: mwili unasahau upesi, na dozi aliyoizoea wiki iliyopita inaweza kumzimisha. Asichukue methadoni ya mwenzake iliyowekwa kwenye chupa ya soda, hata kama mwenzake anaapa ni kiasi kile kile. Vidonge vya usingizi asiguse. Na kwa kuwa ni msiba, usiku wakiwa wamekaa nje kwenye moto, lazima atatokea mjomba mmoja wa kumkaribisha glasi ya kuondoa baridi. Mwambie akatae, hata ikiwa bia moja, hata mjomba akikasirika. Pombe na methadoni zikikutana usingizini, zinashusha pumzi pamoja.